Tutajitahidi, Madam

Jumatano, 2 Oktoba

Alfajiri mapokezi. Maua ya jana nje, mapya ndani. Leso za meza zimekunjwa vizuri. Vioo havina alama za vidole. Nimeagana na wageni wa nyumba ya mbele, wamesema hawajawahi kuona watu wakarimu kama sisi. Nikatabasamu. Uso wangu unaijua kazi hii, hauniulizi.

Kikao cha asubuhi. Madam Njeri kaingia na kuanza. Hakuna habari za asubuhi, hakuna mmelalaje. Ndiye meneja mkuu wetu mpya, Mkenya. Wenye hoteli wamemleta baada ya mimi kukaimu kiti kile muda mrefu. Mimi nimebaki naibu. Siku niliyoambiwa nilikaa nikisubiri uchungu uje. Haukuja.

Mzee Chande, mpishi mkuu, alikuwa na neno kuhusu friji la samaki. Alianza mbali kama tunavyoanza sote. Akashukuru kwa kikao, akasifu wageni walivyoongezeka, akasema joto la mwezi huu ni kali. Alikuwa njiani kufika kwenye friji. Madam akamkata.

"Chande, usiniletee shida. Niletee jibu."

Chande. Bila Mzee. Mbele ya vijana anaowafundisha kazi. Ana umri wa kumzaa Madam.

"Sawa, Madam," akasema. Na sisi wote tukasema sawa. Madam akatoka ameridhika.

Mchana fundi alikuwa ameshakuja na friji linafanya kazi. Kwa hilo namsifu. Kwangu mimi lingesubiri wiki nzima nikitafuta namna ya kumwambia Alhaji, mwenye hoteli. Lakini jikoni hawazungumzii friji. Wanazungumzia lile neno.

Alhamisi, 3 Oktoba

Bakari amekuja ofisini kwangu. Huyu ndiye nahodha wa boti yetu, ndiye anayepeleka wageni mlango wa mto Ruvuma kuona viboko na ndege. Kijana wa Mahurunga. Mpole, mcheshi akiwa majini, nchi kavu hana maneno mengi.

Alinisalimia shikamoo, akauliza habari za kwetu Nanyamba, kama korosho za baba zimeanza kuanguka. Nikamjibu. Kisha akasimama tu anageuza kofia mikononi.

"Dada Zuhura, mashine ya boti siku hizi inachokachoka. Inazima yenyewe. Ukipata nafasi naomba umfikishie Madam. Lakini taratibu, dada. Asije akaona namletea shida."

Nikamwambia nitamfikishia.

Angekwenda mwenyewe kama si jana. Najua. Na yeye anajua kwamba najua. Ndiyo maana hatukulitaja.

Ijumaa, 4 Oktoba

Sikumwambia. Asubuhi alikuwa amekasirika kwa ajili ya mashuka. Mchana alikuwa kwenye simu na Alhaji. Jioni alikuwa anacheka na wageni, nikaona nisimharibie.

Hakuna safari ya boti wiki hii. Kuna muda.

Jumamosi, 5 Oktoba

Madam kaniita tule naye chakula cha mchana kwenye baraza ya nyuma. Mara ya kwanza. Alimwambia mhudumu, "Nipe maji baridi." Binti akaleta, akaweka, akaondoka bila kumtazama. Mimi ningesema naomba. Ni neno moja tu. Kwake nipe halina ubaya wowote, ndivyo wanavyosema kwao hata kwa mama zao. Hapa linaingia kama kofi.

Akaniuliza wazi, "Zuhura, mbona watu hapa hawanipendi?"

"Wanakupenda, Madam. Bado hawajakuzoea."

"Si uniambie tu ukweli."

Nikarudia kwamba hawajanizoea bado. Nimesoma sasa hivi nilichoandika. Nimeandika hawajanizoea. Nilikusudia hawajamzoea. Naacha hivyohivyo.

Akaniambia alianza kazi akisafisha vyoo kwenye hoteli moja Mombasa. Kule asiyesema hadharani alichokosewa anakanyagwa. Alipanda kwa kusema. Mtoto wake wa kike yuko Nakuru kwa bibi yake, kila siku anamtumia sauti kwenye simu. Alinisikilizisha moja. Mtoto anauliza kama kwetu kuna simba.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kumwambia habari ya mashine. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikaona: amenifungulia moyo, nami nimletee shida? Si adabu. Nikamsifu mtoto.

Huo ndio ukweli wa nilivyowaza. Kulikuwa na lingine pia. Akikosea sana, atarudishwa kwao. Na kiti kitakuwa wazi. Sikuliwaza kwa nguvu. Lilikuwa limekaa tu hapo pembeni.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kuna wageni wamefika, mtu na mkewe na rafiki zao wawili. Wazee, wanalipia zile nyumba kubwa za ufukweni. Wanataka mlango wa mto kesho asubuhi.

Madam alishuka mwenyewe gatini kuhakikisha. Nilifuatana naye. Bakari alikuwa amefungua kifuniko cha mashine, mikono imejaa grisi. Akasimama haraka, akaifuta kwenye suruali.

"Captain, boti iko sawa ya kesho?"

Bakari akanitazama mimi. Si muda mrefu. Alikuwa anauliza kama nimeshasema. Mimi nikatazama maji.

"Tutajitahidi, Madam," akasema.

"Vizuri sana."

Madam akageuka, tukapanda ngazi. Njiani akasema anampenda Bakari, ni mtu wa kazi, hana maneno mengi.

Tutajitahidi. Nimezaliwa na lugha hii. Mtu wa huku akikwambia tutajitahidi amekwambia hapana, ila amekufunika usiaibike. Nililisikia lilivyo. Sikulitafsiri. Nani anatafsiri Kiswahili kwa mtu anayesema Kiswahili?

Nitamwambia kesho mapema, kabla hawajaondoka.

Jumanne, 8 Oktoba

Sikumwambia. Basi la wageni wengine liliwahi, mapokezi palijaa, nilikuwa nagawa maji ya madafu na taulo baridi. Nilipoinua kichwa boti ilikuwa imeshatoka.

Baada ya adhuhuri simu kutoka kwa wavuvi wa upande ule. Wageni wako salama. Bakari hayupo.

Naandika kama yule mama mgeni alivyosimulia, akiwa amefungwa blanketi, anatetemeka kwenye jua kali. Walifika, wakaona viboko, wakala. Maji yakaanza kupwa. Wakati wa kurudi mashine ikazima. Bakari akaiwasha, ikazima. Mto ukawavuta kuelekea mahali bahari inapovunjikia, mawimbi makubwa, meupe. Akatupa nanga, haikushika. Akawaambia kwa Kiingereza chake kidogo wakae chini, washikane. Akajifunga ncha ya kamba kiunoni, akaruka. Akaogelea mpaka kwenye mikoko, akazungusha kamba kwenye mti, boti ikasimama. Waliona mkono wake juu, kama anawaambia tayari. Akaanza kurudi kwao kwa kuifuata kamba. Katikati maji yakamng'oa.

Wavuvi waliwakuta ndani ya boti, bado imefungwa kwenye ule mti.

Madam alisikiliza yote amesimama. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Lakini aliniambia iko sawa." Akarudia. Akanigeukia. "Zuhura, ulisikia. Aliniambia iko sawa."

"Ndiyo, Madam," nikasema.

Jumatano, 9 Oktoba

Amepatikana asubuhi, mchangani. Amepelekwa Mahurunga, amezikwa baada ya alasiri. Hoteli imetoa gari mbili.

Nimeoga. Nimepiga pasi sare ya kesho. Nasubiri kulia. Hakuna.

Alhamisi, 10 Oktoba

Msibani. Wanaume nje chini ya turubai, wanawake ndani na barazani kwenye mikeka. Mama yake Bakari anaitwa Bi Somoe. Mwembamba, kanga ya rangi ya udongo. Mumewe alikufa zamani, Bakari ndiye alikuwa wa pekee. Nilimshika mikono nikampa pole. Akanishika yangu, akaiachia. Akamwambia mtu anisogezee mkeka kivulini.

Madam alikuja na gari la pili. Nilikuwa nimempa mtandio wangu. Hakuna aliyemwambia la kufanya. Alivua viatu, akaingia, akakaa mwishomwisho. Watu wakampisha. Kwetu ukishakaa umeshasema. Unakaa, unanyamaza, unakula kidogo unachopewa, unaondoka. Pole yako imeshafika.

Yeye akasimama.

"Mama, mimi ndiye meneja. Mimi ndiye nilimtuma Bakari. Nilimuuliza kama boti iko sawa, akanijibu, nikaamini. Ningepaswa kuangalia mwenyewe. Ni makosa yangu. Naomba unisamehe."

Hata waliokuwa wanasoma Kurani walikatiza. Mwanamke mmoja aliinamisha kichwa kama amevuliwa nguo yeye. Halipo neno la kujibu hilo. Ukisema nimekusamehe, umekubali kwamba amemuua. Ukisema sijakusamehe, umeleta ugomvi kwenye kilio. Nilitamani ardhi immeze, nikatamani mimi nimezwe kabla yake.

Bi Somoe akasema, "Keti, mwanangu. Ni mipango ya Mungu. Keti ule."

Madam akaketi. Akala, machozi yanadondokea kwenye sahani, hayafuti.

Kwenye gari wale wa usafi wa vyumba walinong'ona. Mmoja anasema hana haya. Mwingine akasema angalau kasema.

Mimi pale kwenye kilio nilikuwa nimeketi palepale. Karibu na Bi Somoe kuliko Madam. Nilikula wali wote.

Ijumaa, 11 Oktoba

Polisi wamekuja kuandika maelezo. Askari mpole, kijana. Akaniuliza kama nilijua boti ina hitilafu yoyote.

"Mimi si fundi," nikamjibu.

Akaandika. Akashukuru kwa chai.

Si uongo. Na si jibu. Nina kipaji cha hayo, nimelipwa kwa hayo miaka yote.

Jumapili, 13 Oktoba

Alhaji kaniita kwake Mikindani. Huyu ndiye mwenye hoteli, yeye na ndugu zake. Familia yao ina maduka pale tangu enzi za babu zao: vitambaa, saruji, rangi. Hoteli ni ndoto yake ya uzeeni. Chai ya maziwa, visheti. Tukazungumza afya ya mkewe. Tukazungumza mvua zitakavyokuwa. Akauliza bei ya korosho Nanyamba, akasikitika nami.

Kisha akasema, akitazama kikombe, "Huyu dada yetu kapata mtihani mkubwa. Naona apumzike kidogo nyumbani kwao, na mtoto wake. Akapate nafuu. Zungumza naye, Zuhura, wewe unajua kuzungumza na watu. Wewe shikilia hapo."

Nikasema, "Insha'Allah, Alhaji."

Sote wawili tulijua kilichosemwa. Kiti ni changu. Nilikitazama moyoni mwangu kama mtu anavyotazama kochi dukani. Kochi tu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimempelekea Madam ujumbe. Ofisini kwake, mlango umefungwa. Nilianza kama nilivyolelewa. Kwamba Alhaji anampa pole. Kwamba siku hizi zimekuwa nzito. Kwamba mtoto lazima anamkumbuka. Kwamba wazee wanaona apate mapumziko.

Uso wake ukalegea. Akatabasamu kidogo.

"Hiyo ni roho nzuri. Mwambie asante. Nirudi lini? Wiki mbili zinatosha, kuna mambo mengi hapa, hizi boti zote nataka zikaguliwe."

Akafungua kompyuta kutafuta ndege.

Ningeweza kutoka. Ningemwacha apande ndege na sanduku dogo, agundue huko Nakuru simu zisipopokelewa. Ndivyo Alhaji alivyotaka, na asingeona ni ukatili, angeona ni staha. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa.

"Hurudi, Madam. Wamekufukuza."

Sijawahi kumwambia mtu neno kama hilo. Lilitoka dogo tu. Yeye akaacha kuandika.

"Sawa," akasema. "Si ungeanza na hilo."

"Kuna lingine."

Nikamwambia. Bakari alikuja kwangu, akasema mashine inazima, akaniomba nikufikishie. Sikukufikishia. Nilikuwa natafuta wakati mzuri.

"Alikwambia lini?"

"Alhamisi ile. Kabla."

Nikaona anarudi gatini kichwani mwake.

"Na mimi nilimuuliza. Wewe ukiwepo. Akasema atajitahidi."

"Kwetu hiyo ni hapana."

"Kwetu hiyo ni ndiyo," akasema. Kisha, "Na wewe ulikuwa umesimama hapo katikati."

"Ndiyo."

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi. Aligeuza kiti akatazama dirishani, nje mtunza bustani anamwagilia majani.

"Nilisimama mbele ya mama wa watu nikabeba peke yangu. Na wewe unakula."

"Ndiyo, Madam."

"Nenda ukawaambie polisi. Sitakusemea. Na uache kuniita Madam."

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekwenda kituoni Mtwara. Yuleyule askari. Nimesema yote kuanzia mwanzo, bila kupamba. Mara ya kwanza hakuelewa nilichokuja kufanya, alidhani nimekuja kumlalamikia mtu. Alipoelewa akaona haya kwa niaba yangu. Akasema ni ajali, dada, usijitese. Nikamwambia aandike. Akaandika. Amesema nitaitwa ikihitajika.

Nimempigia Alhaji pia, nikamwambia hilohilo. Akaniuliza kama wageni wa Alhamisi wamethibitisha.

Jumatano, 16 Oktoba

Njeri ameondoka. Nilimpeleka mwenyewe uwanja wa ndege. Hatukuzungumza njiani. Tulipofika aliwashukuru wale wabeba mizigo, akasema "naomba hiyo ya bluu niibebe mwenyewe." Nililisikia lile naomba. Sijui kama alilifanya kusudi.

Hakunikumbatia. Alinipa mkono.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kikao cha asubuhi. Nimekaa kwenye kiti chake. Nikasalimia, nikauliza za nyumbani, tukaenda taratibu. Mwisho nikauliza kama kuna tatizo lolote.

Hakuna, wakasema.

Nikarudia. Hakuna, dada, kila kitu kiko sawa. Wananipenda. Ni watu wangu, tunaelewana nusu neno. Nikawatazama mmoja mmoja na sikujua hata mmoja wao anafikiri nini.

Baadaye nilizunguka mwenyewe. Nikafungua majiko, nikashika nyaya, nikapanda boti mpya ya kukodi, nikamwambia nahodha awashe, azime, awashe. Nilipofika jikoni Mzee Chande alinisindikiza kimya. Mlangoni akasema, "Unatutilia shaka, mwanangu?"

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

Aliumia. Nimeona. Jiko moja lilikuwa linavuja gesi.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimekwenda Mahurunga peke yangu. Nilibeba mchele na sukari, kwa sababu huwezi kwenda mikono mitupu, hata kwa jambo hili.

Bi Somoe alikuwa uani anamenya mihogo. Akanikaribisha kwenye kigoda. Nikamwamkia. Akauliza za safari, za kazi, za wazazi. Nikajibu zote. Kisha nikasema. Nilijipanga kuanza na lenyewe, lakini nilizunguka kidogo, nimezoea. Nikafika. Kwamba Bakari aliniambia mimi. Kwamba yule mama wa Kenya hakujua kitu.

Hakuacha kumenya.

"Najua, mwanangu," akasema. "Alikuja hapa Ijumaa ile. Akanambia, mama, nimeshamwambia dada Zuhura, yeye atalisema vizuri."

Kuku walikuwa wanapekua maganda. Niliwatazama.

Alijua siku ya msiba. Alijua nilipomshika mikono. Alijua aliposema nisogezewe mkeka kivulini, aliposikia mwingine anaomba msamaha, alipomwambia akae ale. Alijua nikila.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Mbele za watu?" Alinitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. "Ungekaa wapi?"

Kitu kilipanda kifuani, kikafika kooni, kikakaa hapo. Hakikutoka. Lakini kilikuwepo, nilikisikia.

Yeye hakunisamehe. Sikuomba, na hakusema. Alisema tu kwamba Bakari alikuwa anapenda mihogo ikichomwa, haipendi ya kuchemsha. Nikasema sikujua. Akasema ungejuaje.

Kulikuwa na kisu kingine kwenye ungo. Nikakichukua. Tukamenya mpaka jua lilipopungua, kisha nikaaga.